Vitabu vipo, tusomeane

Ndugu Mhariri,

Msomaji wako mmoja wa Bukavu aliandika katika ukurasa huu wa barua kwamba Mkongomani anayetaka kusoma kwa Kiswahili ana Biblia, ana kitabu cha nyimbo za kanisani, ana gazeti hili, basi. Akaongeza kuwa vitabu vingine vyote ni vya Unguja, Dar es Salaam na Nairobi, na kwamba sisi huku tutabaki wageni ndani ya lugha tunayootea ndoto. Maneno hayo yameniuma, kwa sababu nayasikia hapa Lubumbashi pia, tena vinywani mwa watu waliosoma sana. Naomba nafasi nimjibu, na nimjibu kwa kutaja vitabu.

Mimi ni fundi wa nguo, nina karakana yangu mtaa wa Katuba, hapahapa Lubumbashi. Nashona vikwembe, yaani nguo za kitenge, vya harusi na vya misiba, na kuanzia mwezi wa nane nashona sare za shule, bulauzi nyeupe na sketi ya buluu, mpaka vidole vinakufa ganzi. Nina wasichana wanaojifunza kazi kwangu. Kila siku mmoja wetu anasoma kitabu kwa sauti na wengine wanashona. Vitabu vyote nitakavyovitaja hapa vimesomwa hivyo, mbele ya mashini, na watu waliokuwa wanasikiliza walikuwa huru kusema kimewachosha.

Nianze na kile kinachomjibu msomaji wa Bukavu moja kwa moja. Mwaka 1965, mji huu ukiwa bado unaitwa Elisabethville, kuna maandishi ya Kiswahili yaliyokamilishwa hapahapa kwetu. Aliyeyakusanya ni André Yav, na aliyakusanya kwa ajili ya chama cha watu waliotumika majumbani mwa wazungu, wale waliokuwa wanaitwa maboyi hata wakiwa na wajukuu. Kichwa chake ni cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini ndani ni Kiswahili chetu, kile cha Katuba na Kamalondo, kimeandikwa jinsi kinavyotoka mdomoni, na Kifaransa kimechomekwa palepale tunapokichomeka sisi hadi leo. Yav anasimulia habari za mji huu kutoka chini. Anaanza mbali, na mfalme Leopold wa Pili na wazungu wa kwanza, anapita katika vita, anafika kwenye majumba ambamo watu wetu walipika, walifua, walilea watoto wa wengine, na anaeleza walilipwaje na walitendewaje. Hakungoja profesa aje kumuuliza. Watumishi wa jana waliona kwamba historia ya mji iko mikononi mwao, wakaiandika.

Maandishi hayo yangepotea kama karatasi nyingine nyingi za mji huu. Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia aliyewahi kufundisha katika chuo kikuu cha hapa, aliyatoa upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Na hapa ndipo penye jambo ninalotaka wasomaji wako walijue. Kwa jicho peke yake, kitabu hicho hakikusomeka. Maneno yalikuwa yameunganishwa na kukatwa bila kawaida, vituo havikujulikana viko wapi. Ikabidi Kalundi Mango, mwenye kuzungumza Kiswahili cha hapa, akisome kwa sauti, na sauti yake ndiyo iliyoonyesha sentensi inaanzia wapi na inaishia wapi.

Hata kwetu ilikuwa vivyo hivyo. Kijana mmoja wa chuo aliniletea kopi aliyoichapa kutoka intaneti. Msichana niliyempa asome alijitahidi vizuri, kwa ile sauti ya kalasi, kidole chini ya mstari, silabi kwa silabi, na hakuna aliyeelewa kitu. Kwenye benchi alikuwa amekaa mzee mmoja mteja wetu, mstaafu wa reli, anangoja suruali yake ipunguzwe. Akamwambia: "Mwana yangu, acha kusoma namna ya masomo. Usome sawa vile uko unaelezea shangazi yako habari." Binti akakohoa, akarudi juu ya ukurasa, akaacha mdomo utangulie macho. Maneno yakaanza kukatika mahali pake. Kabla ya ukurasa kwisha mzee alikuwa anakamilisha sentensi pamoja naye. Baba yake alikuwa mpishi wa Mbelgiji na alilala katika kijumba cha nyuma ya kiwanja, na watoto wake walikuwa hawaruhusiwi kuingia kwa mlango wa mbele. Alitueleza mengi siku ile, marefu kuliko tulichosoma. Suruali ilikuwa tayari imekunjwa juu ya meza na hakuiomba.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Bukavu, kitabu chetu kipo. Kitafute, na usikisome peke yako.

Wengi wananiuliza tunawezaje kusoma na kazi ikaenda. Anayesoma hashoni. Anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, penye mwanga, maana umeme wa hapa hauna ahadi. Wakati wa kukata kitambaa hatusomi: mkasi ukiteleza, kikwembe cha mtu kimekwenda, naye alikinunua kwa kujinyima. Lakini kukunja pindo, kutia vifungo, kufumua, kupiga pasi ya makaa, hizo zote ni kazi zinazoacha masikio huru. Mashini za miguu zina kelele zake, basi msomaji hujifunza kungoja mshono ufike mwisho ndipo aendelee. Juni na Julai, baridi ikikaza, tunatoa viti nje juani, na wapita njia husimama. Kuna mama anayeuza sombe, majani ya muhogo, ambaye sasa hupitisha beseni lake kwetu saa hiyohiyo, analitua, anasikiliza mpaka sura iishe, ndipo anaendelea sokoni.

Kitabu kikisomwa namna hii hakina pa kujificha. Sentensi isiyo na pumzi inamkaba msomaji mbele za watu. Mazungumzo ya kubuni vibaya yanachekwa hapohapo. Nimeona vitabu vinavyosifiwa sana vikifia mikononi mwetu, na sitavitaja, kwa sababu huenda vinamfaa msomaji wa kimya. Nataja vilivyoishi.

Anayeanza namwelekeza kwa Shaaban Robert, na katika vyake achukue Kusadikika, kilichotoka 1951. Nchi yenyewe iko angani. Karama ameshitakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria, na waziri Majivuno ndiye anayemkandamiza. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi, wakatupwa gerezani. Kwa kusoma kwa sauti hakuna mpango mzuri kuliko huo: kila mjumbe ana safari yake, na safari moja inatosha siku moja. Kiswahili chake ni cha juu, kina mapambo, lakini kina mwendo, na msomaji akishaushika hawezi kukwama. Wasichana walianza kubishana kabla mjumbe wa pili hajarudi. Naye atafungwa? Alipofungwa wakakasirika kweli, na niliipenda hasira ile. Mtoto wa nchi hii halazimiki kuelezwa habari ya mtu aliyerudi na wazo jema akaishia ndani.

Kisha Utengano cha Said Ahmed Mohamed, cha 1980. Hiki ndicho kilichozua maneno mengi kuliko vyote. Maksuudi ni tajiri, mtu wa siasa, anaheshimika nje. Ndani ya nyumba yake mke na binti hawana ruhusa ya kuiona dunia. Binti, Maimuna, anafika siku ya kutoka, na anatoka bila kujua lolote kuhusu watu. Kinachompata huko nje ni kizito, na baadhi ya kurasa nisingependa zisomwe watoto wadogo wakiwa karibu; sisi tulizisoma mlango umerudishwa. Mama mmoja aliyekuja kupima gauni alisikia sehemu tu, akasema baba anayemfungia binti anamlinda, tena siku hizi, na mji ulivyo. Msichana wangu mkubwa, ambaye kwa kawaida hazungumzi mbele ya wateja, alichomeka sindano kwenye mto wake akamuuliza kwa heshima: "Mama, na siku akitoka, atamjua nani?" Mama hakukasirika. Alikaa. Gauni lake lilipimwa jioni. Mimi nasema kila nyumba yenye binti wa miaka kumi na tano na kuendelea ikisome kitabu hiki, na baba awepo.

Msomaji wa Bukavu atasema: hayo ni ya Unguja. Ndiyo, ni ya Unguja. Sasa asome Kuli cha Adam Shafi, kilichochapishwa 1979. Ni habari ya Rashidi, kijana wa familia maskini anayeingia kazi ya bandarini kama baba yake, anabeba mizigo, anaona wenzake wanavyoumia na kufa melini, na polepole anaelewa kuwa mtu mmoja hawezi kitu. Inafika kwenye mgomo mkubwa wa makuli wa 1948. Lubumbashi haina bahari, lakini ina mgodi na ina reli. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, waligoma hapa mjini kwa sababu mishahara ilikuwa haitoshi na bei zilikuwa zimepanda kwa vita, na wakapigwa risasi uwanjani walipokusanyika. Familia za zamani za mji huu zinajua, hata kama hazisemi mara kwa mara. Tulipofika kwenye kurasa za mgomo, kila aliyekuwa pale alikuwa na babu wa kumtaja. Msichana mmoja alienda nyumbani akamuuliza bibi yake, na kesho yake akarudi na habari ambayo mama yake mwenyewe alikuwa hajawahi kuisikia. Kitabu cha bandari ya Unguja kilifungua mdomo wa bibi wa Katuba. Sijui ni nini zaidi mtu anaweza kukidai kitabu kabla ya kukiita chake.

Kuna vitabu viwili ambavyo nashauri visomwe kimoja baada ya kingine, na mpangilio huo una maana kwangu. Cha kwanza ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Yalichapwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Heinrich Brode, Mjerumani, na baadaye tena na Whiteley huko Afrika Mashariki. Wengi hapa wanajua jina lake shuleni katika mistari miwili ya Kifaransa. Hawajui kwamba ameandika, na ameandika kwa Kiswahili chepesi, cha haraka, cha mtu anayehesabu mali yake. Nchi anayoitaja ni yetu: Maniema, Kasongo, Utetela. Anasimulia jinsi alivyomwendea mtemi mzee, Kasongo Rushie, akajitambulisha kuwa ni damu yake kupitia bibi aliyetekwa zamani, na mzee akamkabidhi utawala. Anataja wazungu aliokutana nao, Livingstone, Cameron, Stanley. Mwaka 1887 mfalme Leopold anamfanya liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Ni kitabu cha kutisha. Watu wanauawa na kutekwa katikati ya sentensi, kisha sentensi inaendelea na hesabu ya pembe. Tulikisoma kwa taratibu na tulisimama mara nyingi. Wasichana walitaka kujua wapagazi walikuwa nani, walikula nini, walikufa wapi, na Tippu Tip hasemi. Hata hivyo nataka kisomwe, kwa sababu ni sauti yenyewe, haijapitia kwa mtu mwingine, na mtu akijieleza kwa majivuno hivyo anaonyesha mambo ambayo asingeyakiri mbele ya hakimu.

Baada yake msome Peponi. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule Mzanzibari aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaitia katika Kiswahili, ikatoka Dar es Salaam. Yusuf ni mtoto aliyechukuliwa na mfanyabiashara, Ami Aziz, kufidia deni la baba yake. Hakuna aliyemuuliza. Baadaye anapelekwa bara na msafara, unavuka ziwa, unafika kwa mtemi anayewanyang'anya kila kitu. Ni ulimwengu uleule wa misafara ya pwani kwenda bara, miaka michache kabla ya vita vya 1914, lakini safari hii tunauona kwa macho ya mtoto aliyewekwa rehani. Tulipomaliza Tippu Tip tulikuwa na maswali mikononi; Peponi haijayajibu yote, lakini imetupa mtu wa kumwangalia. Tafsiri yenyewe ni nzuri sana kusomwa kwa sauti. Mahali pengine nilisahau kabisa kwamba ilikuwa na lugha nyingine kabla.

Vijana wanaopenda safari na machozi wapewe Siku Njema cha Ken Walibora, cha 1996: kijana yatima, Kongowea Mswahili, anatoka Tanga kumtafuta baba yake mpaka Kitale. Hakuna haja ya kukisifu. Kianzisheni tu, kesho watakuwa wamefika mapema kazini.

Na sitaki mtu afikiri nachukia Kifaransa. Fiston Mwanza Mujila alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1981, na Tram 83 yake, ya 2014, ina mji wa migodi ambao mtu wa hapa hawezi kuutazama bila kushtuka: wachimbaji, wanafunzi, wageni wenye fedha, na baa moja ambapo wote wanakutana. Yule kijana wa chuo alikuja kutusomea kurasa kadhaa akizigeuza palepale kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Kuna swali la saa ambalo wasichana wa baa wanalirudia rudia katikati ya kila kitu, na karakana nzima ikawa inaliitikia. Hicho si kitabu cha watoto, nasisitiza. Lakini nilipomsikia akikigeuza, nilijiuliza kwa nini hakuna mtu aliyemlipa kijana huyo afanye kazi hiyo mpaka mwisho, iwe kitabu.

Watu wanasema Kiswahili cha vitabu ni kigumu kwetu, ni Kiswahili bora, cha redio. Kweli kuna maneno tusiyoyatumia. Sisi hatusimami kwa kila neno. Tunapita, na mara nyingi ukurasa unaofuata unalieleza lenyewe. Likirudi mara ya tatu bila kueleweka, tunamuuliza mtu. Kinachozuia zaidi si maneno. Ni aibu waliyopandikizwa watoto. Mmoja wa wasichana wangu aliadhibiwa shuleni kwa kuzungumza Kiswahili uwanjani, akaambiwa hiyo ni lugha ya sokoni. Alipokuja kwangu alikuwa anasoma Kifaransa bila kuelewa na kuelewa Kiswahili bila kusoma. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha kwanza kabisa, inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Chiluba. Tangu 2022 tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kila tarehe 7 Julai tunasikiliza hotuba za Siku ya Kiswahili Duniani. Ningefurahi sana siku hiyo komini moja tu ya mji huu ikiweka viti nje na kuwasomea watu kitabu kizima, badala ya hotuba.

Kuhusu kuvipata: vitabu vyangu vingi vinakuja kwa lori. Shemeji yangu ni dereva, anabeba mizigo kutoka Dar es Salaam, anapita Tunduma, anakatiza Zambia mpaka Kasumbalesa. Nampa orodha, anapitia duka la vitabu la Mtaa wa Samora, anavifunga kwa plastiki na kuviweka chini ya kitanda cha kabini, pakavu. Foleni ya Kasumbalesa inaweza kumkalisha siku nyingi, na aliniambia siku hizo madereva wenzake, Watanzania na Wazambia, wanaviazima na kuvisoma wakingoja. Kuli kilinifikia kikiwa na alama ya mafuta ya gari kwenye jalada, na hiyo alama nimeiacha. Kila mwenye ndugu dereva katika mji huu ana njia hiyo. Wanaouza vitabu vya mkono wa pili pembeni mwa barabara mjini kati, waulizeni pia: vya Kifaransa ni vingi, cha Kiswahili hutokea mara moja moja chini ya rundo, na wanakiuza rahisi kwa kuwa hakuna anayekiuliza. Tukianza kuuliza, wataanza kutafuta.

Kuazimisha mimi naazimisha. Anayechukua anaandika jina lake kwenye daftari la vipimo, mahali pa kiuno na kifua chake, na akirudisha ananiambia mbele ya wengine aliishia wapi na kwa nini. Hilo la kueleza ndilo malipo. Kwa njia hiyo nimejua kwamba mlinzi mmoja wa usiku hapa mtaani amesoma Kusadikika mara mbili, na kwamba mama wa sombe, ambaye hajui kusoma, anaweza kuusimulia Utengano tangu mwanzo, kwa utaratibu wake, bila kuruka mtu.

Sasa, Ndugu Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza: tupe nafasi katika gazeti, hata robo ukurasa kila wiki, ya hadithi inayoendelea, iliyoandikwa na watu wa huku kwa Kiswahili cha huku. Iwe ndefu kiasi cha kusomwa kwa sauti wakati mtu anamaliza pindo la sketi. Wapo wanaoandika. Nimeona madaftari yao, na mengine yana kurasa ambazo ningezisoma mbele ya mtu yeyote. La pili ni kwa wasomaji wa Bukavu na Goma, na hasa yeye aliyenichokoza: tuleteeni majina ya vitabu vya kwenu. Nani ameandika kwa Kiswahili habari za Ziwa Kivu, za wavuvi wa sambaza, za Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipoingia Goma? Wazee wenu wana maandishi gani sandukuni, kama aliyotuachia Yav?

Kwa sasa Peponi iko kurasa za mwisho. Baada yake hatujakubaliana. Wasichana wanataka kitabu cha mapenzi, mzee wa reli anataka turudie Yav tangu mwanzo, na mimi natafuta tamthilia ili kila mmoja apate sauti yake ya kusema. Shemeji anaondoka kwenda Dar mwisho wa mwezi. Jina likitufikia kabla ya hapo, litaingia kwenye orodha.

Mama Fundi,
Katuba, Lubumbashi